Kabemba na Maneno ya Mkia Mmoja

Nina hasira na Kabemba. Wateja wanaokuja kunywa munkoyo, togwa yangu ya mahindi na mizizi, kwangu hapa Espérance wanajua kwamba jina hilo halitajwi mbele ya ndoo zangu mpaka nilitaje mwenyewe. Leo nalitaja, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakimgawana vipande viwili. Hawa wanasema ni mtakatifu aliyesimamisha mashine. Wale wanasema ni msaliti aliyetuuza kwa kampuni. Wote wananichosha. Kabemba ni mtu tu, mwalimu wa Kiingereza mwenye shingo nyembamba na suruali iliyojaa chaki, na mimi niliishi naye ukuta kwa ukuta kule Kolwezi kabla hao wote hawajajifunza kumsalimia. Basi wanyamaze kidogo, niseme mimi, Mama Ndaya.

Alizaliwa Kasaji, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Baba yake alikuwa akipokea treni, na treni zilipoanza kuchelewa aliendelea kuvaa kofia yake na kusimama stesheni, hata siku ambazo hapakuwa na kitu cha kupokea. Kabemba alimrithi ule ukaidi. Alifundisha Kifaransa huko Kisenge, kwenye mji wa madini ya manganizi, mpaka kazi ya mgodi ikalala na familia zikahama na darasa lake likabaki na madawati. Hapo akafunga begi, akapanda lori, akaenda kutafuta maisha Zambia.

Kiingereza hakukijua hata salamu. Pale Kasumbalesa, mpakani, alikuwa amekaa juu ya begi lake akiona watu wanaongea na haambulii kitu. Alikuwa na njaa na aibu. Kisha akainua macho, akaona kibao kikubwa kimeandikwa IMMIGRATION. Akakisoma. Akakisoma tena. Neno hilo alilijua! Kwa Kifaransa ni lile lile, herufi kwa herufi: watu kuingia nchi isiyo yao. Na ni nani alikuwa akiingia nchi isiyo yake kama si yeye? Kabemba alisimama pale pale, akajinyooshea kidole kifuani, akapiga makofi mawili. Askari wa mpaka alimwuliza kama ana wazimu.

Kisa hicho alikisimulia kila alipopata mwanafunzi mpya, na kila mara alisimama na kujinyooshea kidole. Nilikisikia kupitia ukutani mpaka nikakijua kuliko sala zangu.

Kule Chingola aliuza vipuri vya magari na kuwinda maneno. Aligundua kwamba maneno marefu ya Kiingereza yenye mkia ule, t, i, o, n, karibu yote Mfaransa anayo pia. Mfaransa anauvuta mkia, Mwingereza anaukata, lakini mnyama ni yule yule. Aliporudi na kupanga chumba karibu nami, katika kartie yetu, mtaa wa Tuungane, aliwaambia watu hivi: nyinyi mliosoma shule kidogo, Kiingereza mnacho tayari kinywani, hamjui tu kama mnacho. Watu walicheka. Wiki iliyofuata walijaa chumbani.

Walikuwa wachimbaji, madereva, wauza simu, mabinti wa saluni. Mbona wasije? Kazi za kampuni zilitaka Kiingereza, hata kazi ya kufagia. Mimi pia nilikwenda, maana wageni walikuwa wanaanza kupita kwenye ndoo zangu na nilichoka kuwachekea tu.

Sasa sikilizeni alivyofundisha, kwa sababu balaa lote lilitoka hapo. Kila mwanafunzi alipewa neno lake moja refu la mkia, na neno hilo likawa jina lake. Lakini hukupewa bure. Ilibidi ulionyeshe kwa kidole. Glodie, kijana mchimbaji aliyetoka Kasai, alipewa Ventilation, akatupeleka wote mpaka kwenye shimo lao akatuonyesha mpira mrefu unaopeleka hewa chini ili watu wasife. Mignonne, aliyekuwa akisaidia manesi, akawa Vaccination, akanyoosha kidole kwenye kovu la bega lake. Mimi Kabemba alinijia mpaka uani, akafunua ndoo, akaona munkoyo unatoa mapovu, unachachuka wenyewe bila moto. Akasema Fermentation. Toka siku ile hata wenzangu wa kanisani waliniita Mama Fermentation, na sikukasirika, kwa sababu ni kazi yangu.

Neno usiloweza kulionyesha halikuingia ndani. Aliliandika kwa chaki ukutani nje, likae juani mpaka mtu alipate. Civilization ilikaa nje tangu mwanzo. Reputation nayo. Dimitri, dereva wa pikipiki, alichagua Rehabilitation, akatuonyesha kwa majivuno kipande cha barabara ya soko kilichotengenezwa. Ikanyesha mvua moja tu. Dimitri alirudi darasani kichwa chini, na neno lake likatolewa nje tukicheka mpaka machozi.

Na kila neno la mkia lilipotamkwa na kuonyeshwa, darasa zima lilipiga makofi mawili. Pa-pa! Ndivyo Kabemba alivyofanya Kasumbalesa, na ndivyo alivyotaka tufanye. Watoto waliiba mchezo huo na kuupeleka mitaani, wakasahau kidole, wakabaki na makofi. Pasteur Nkulu akisema résurrection juu ya mimbari, pa-pa! Redio ikisema corruption, pa-pa! Mtu mzima aliye sokoni na kabichi mkononi aliiweka chini kwanza apige. Tuungane nzima ilikuwa hivyo. Mgeni aliyepita alidhani tuna ugonjwa.

Matangani tu ndiko hayakupigwa. Nilijua hivyo siku nilipomzika Shekina.

Shekina alikuwa mwanangu wa mwisho, na darasani alikuwa mdogo kuliko wote. Aliingia kwa Kabemba kwa kunifuata mimi, akakataa kutoka. Alipewa Respiration. Alipoambiwa aionyeshe, aliweka kidole kifuani pake, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akaiachia puu, na darasa likapiga makofi hata yeye mwenyewe akaziba masikio. Homa ilimchukua msimu wa mvua uliofuata. Kabemba alikuja matangani akakaa chini pamoja na wanaume, na hakusema neno hata moja, refu wala fupi. Kwa hilo nilimpenda. Tulimzika Shekina kwenye makaburi ya kartie, nyuma ya mikaratusi, nikaweka kikombe chake chekundu cha bati kichwani pa kaburi. Kila Jumapili baada ya misa nilipita kumwambia habari za nyumbani.

Sasa, darasani alikuwepo pia Kalumba. Huyu muweke akilini. Kijana mkimya, mikono mikubwa, alitaka kuendesha mashine ya kuchimba. Kabemba alimpa Excavation, akahangaika naye jioni baada ya jioni mpaka akaweza kuwajibu wageni, na kampuni ikamchukua. Siku aliyokuja kutuonyesha neno lake, alitupeleka kwenye uzio akanyoosha kidole: mashine ya njano, ndoo yake ikiweza kumeza jiko langu lote. Tulipiga makofi sana siku hiyo. Kabemba alilia.

Kampuni hiyo ndiyo iliyotutaka sisi. Siitaji jina, maana wakiondoka hawa watakuja wengine wenye kofia zile zile. Chini ya nyumba zetu kulikuwa na madini, na kwa hao watu nyumba iliyo juu ya madini ni takataka iliyosahauliwa na mtu. Walituita mkutanoni kwenye uwanja wa mpira. Aliyekuja kusema alikuwa mzungu mrefu aliyevaa kofia ngumu nyeupe ambayo hakuivua hata kwenye kivuli, basi tukamwita Casque. Walihitaji mkalimani anayejulikana na watu. Wakamchukua Kabemba.

Nyumba, sawa, nyumba ni matofali. Nilikwenda nimejiandaa kubishana juu ya nyumba, na mimi kwa kubishana sijambo. Kabemba alikuwa amesimama karibu na Casque, amevaa koti la harusi ya kaka yake, uso unang'aa. Casque alianza. Maneno madogo yalitupita, Kabemba akawa anayageuza. Lakini ghafla Casque akasema consultation, na nyuma yangu watoto, pa-pa! Uwanja ukacheka. Casque alishtuka, kisha akatabasamu. Akasema relocation. Pa-pa! Sasa hata watu wazima. Compensation. Pa-pa! Kulikuwa na mtu wa kamera, naye akaanza kutugeukia sisi.

Na Kabemba? Kabemba alikuwa anafurahi. Nataka hilo lijulikane. Alituangalia mbele ya mzungu, wauza mihogo na wachimbaji wanaoyatambua maneno marefu ya Kiingereza hewani, akavimba kifua. Akaacha kuyageuza. Kila neno la mkia lilipokuja alilipitisha lilivyo, kama kwamba anasema, hawa ni watu wangu, hawahitaji msaada. Casque akasema exhumation.

Neno hilo hatukuwa nalo darasani. Nilimwona Kabemba anageuza shingo upesi kumtazama Casque. Alifungua mdomo. Uwanja mzima ulikuwa umekwishapiga makofi, kwa nguvu kuliko yote, maana lilikuwa jipya. Mimi pia nilipiga, kwa mikono hii. Casque akaendelea kusema, na Kabemba akafunga mdomo wake.

Siku ya tatu nilikuwa nachuja munkoyo na jirani yangu Jeanne, redio yake ikiwa kwenye dirisha. Mtangazaji akasema kwa Kifaransa safi kwamba wakazi wa Tuungane wamekubali kuhamishwa kwa nyumba zao pamoja na makaburi yao. Wamekubali par acclamation. Yaani kwa makofi. Jeanne, mtu wa mazoea, alipiga pa-pa. Nilimtazama mpaka akaficha mikono kwenye kitenge.

Niliondoka na chujio mkononi linatiririka. Kabemba alikuwa amekaa kitandani, koti la harusi likining'inia kwenye msumari.

"Prof," nikamwambia, "banasema mu radio shiye tulikubali. Tulikubali nini?"

"Mama Ndaya, ikala kwanza," akasema, akinisogezea kiti.

"Sitaikala! Ile neno ya mwisho, exhumation. Unionyeshe na kidole. Si njo sheria yako?"

Alitazama sakafu. "Ni kufukula bafu, bantu benye balikufa, mu makaburi, mama. Batapitisha mashini kule."

"Mashini? Na mutoto wangu?"

"Na Shekina, mama."

"Weye ulijua?"

"Nilijua pale pale. Nilitaka kusema, njo mukapiga makofi, njo Casque akaendelea..."

"Usiniambie mukapiga! Nani alitufundisha kupiga? Nani? Sema!"

Nilimtupia chujio. Lilimpata begani, na munkoyo ukamwagika kwenye chaki zake zote, na sikuomba msamaha wala sitaomba. Nilimwambia katika ukoo wetu mtu hafukuliwi na mashine. Kama lazima ahame, mama yake au ndugu yake anasimama pale, anamwita jina, anamwambia tunakwenda mahali fulani, usiogope, ni sisi. Ndipo mikono ya watu inachimba. Mtoto wangu achotwe kwa ndoo ya chuma pamoja na udongo wa watu, amwagwe kwenye lori, asijue nani kamchukua? Nilipiga kelele mpaka watu wakajaa mlangoni.

"Utafanya nini?" nikamwuliza.

"Sijue, mama."

"Basi hauko mwalimu. Uko kasuku."

Sikuongea naye tena. Nilikwenda kwa chef, mkuu wa kartie, akaniambia jambo limekwishaamuliwa, na tena, mama, si mulipiga makofi, picha iko. Picha ikoje? Niliiona kwenye simu ya Dimitri: mimi mstari wa pili, meno yote nje. Kuna watu wanaosema hasira hupungua ukiilalia. Mimi yangu ilikuwa inachachuka, na kazi hiyo naijua vizuri.

Kabemba alikwenda ofisini kwa kampuni kusema kwamba makofi yale hayakuwa ya kukubali, ni mchezo wa darasa. Alisimamishwa getini asubuhi mpaka jioni. Akarudi kesho yake, ikawa vile vile. Nasikia walicheka sana waliposikia maelezo yake, na mimi nawaelewa, ni maelezo ya kuchekesha. Labda Casque aliamini kweli kwamba watu wanaweza kushangilia kufukuliwa kwa wafu wao. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba labda aliamini.

Siku iliyofuata Kabemba alitoka na chaki, akaandika kwenye ukuta wa nje, kwa herufi kubwa, CONSULTATION. Chini yake COMPENSATION. Halafu alipita nyumba kwa nyumba. Kwangu hakuingia, alisimama barabarani akasema kwa sauti ili nisikie. Alisema tangu leo hakuna makofi tena. Ukisikia neno la mkia, useme onyesha. Ni hilo tu. Watoto walilipokea mchana huo huo, na kufikia jioni huwezi kusema situation bila mtoto wa mtu kukufokea, onyesha!

Nilisikia, nikaendelea kusonga bukari, ugali wetu. Sikumwamini.

Mashine ilikuja Alhamisi asubuhi. Tuliisikia kabla ya kuiona. Watu wa Tuungane walikuwa wamejaa makaburini, mikaratusi inatoa ile harufu yake ya dawa, na mimi nimekaa chini karibu na kikombe chekundu, miguu nimenyoosha. Nilikuwa nimeamua kwamba watanichota pamoja naye. Mashine ilisimama mbele ya kaburi la kwanza na nikamwona aliyekuwa ndani. Kalumba. Excavation wetu, tuliyempigia makofi mpaka mwalimu akalia.

Casque alikuja na spika ya mkononi, na mkalimani mpya, kijana wa Lubumbashi aitwaye Gael, viatu vyeupe. Polisi wachache. Kabemba alikuwa katikati yetu, si mbele, bila koti.

Casque akaanza, sauti tamu. Alisema kama mlivyokubali kwenye consultation. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anasubiri makofi yake.

"Onyesha!" watu wakasema.

Gael alimnong'oneza. Casque akatazama huku na huku. Alitazama hata chini, maskini, kama kwamba ameiangusha. Akaendelea: kutakuwa na compensation.

"Onyesha!"

Akasema relocation. Hapo alinyoosha mkono upande wa barabara ya Kasaji, mbali, ambako walikuwa wameanza kusimamisha mabati ya hii Espérance. Haya, hilo lilikuwa haki. Kabemba akasema, "Ile iko, ameionyesha." Hakuna aliyepiga makofi, lakini halikukataliwa. Hata katika hasira tulikuwa watu wa sheria.

Kisha akasema exhumation.

"Onyesha!"

Casque akainua mkono, akaupitisha hewani juu ya makaburi yote, kutoka huku mpaka kule, kama mtu anayefukuza nzi. Ndipo nilipoinuka. Sijui nilipitaje kati ya polisi. Nilimshika mzungu yule kifundo cha mkono, nikamvuta, na yeye kwa mshangao akaja. Nikamsimamisha mbele ya kikombe chekundu. Nikashika kidole chake, nikakinyoosha.

"Hapa," nikamwambia. "Haiko kule. Ni hapa. Anaitwa Shekina. Sema: Shekina."

Gael aligeuza. Casque alinitazama. Nataka niseme kwamba aliona haya, lakini sikuona haya yoyote. Alivuta mkono wake, akaupangusa kwenye suruali. Halafu akamgeukia Kalumba, akampungia: endelea.

Kabemba akapita mbele. Hakupiga kelele, wala hakumtazama Casque. Alisimama chini ya mlango wa mashine akasema kwa sauti ile ile ya darasani, "Kalumba, mwanangu. Neno yako ni gani?"

Kalumba alijibu kutoka juu, taratibu, "Excavation, tata Prof."

"Utaionyesha wapi leo?"

Kalumba alitutazama, akanitazama mimi, akatazama kikombe. Akazima injini. Alishuka ngazi na kuacha ufunguo kwenye kiti. "Mi sitaitia hapa," akasema. "Bafute kazi yangu kama banataka. Mama, usilie."

Sikuwa nalia. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu hutoka machoni, wanaonijua wanajua.

Kalumba alifukuzwa kazi pale pale. Hawakupata dereva mwingine wa kuja, kwa sababu madereva wote wa mashine zile ni watoto wa Kolwezi na habari zilikuwa zimekwishafika. Baada ya maneno mengi kampuni ilisema familia zitaachiwa wafu wao ziwahamishe zenyewe. Hatukushinda, mtu asiwadanganye. Tuungane leo ni shimo. Ukipita na pikipiki ya Dimitri unaona ukingo tu, na maji ya kijani chini.

Lakini Shekina alichimbwa kwa mikono. Glodie na wenzake wachimbaji, watu wanaojua udongo, waliteremka polepole, mwisho bila koleo, kwa vidole. Nilisimama juu yao nikamwita, nikamwambia tunakwenda upande wa Kasaji, kuna mabati mapya, hakuna mti hata mmoja, mama yako atapanda. Kalumba ndiye aliyembeba. Sanduku lilikuwa jepesi, akalibeba kwa mikono miwili.

Wiki ile redio ilitangaza kwamba uhamisho umekamilika kwa satisfaction ya familia zote. Kabemba alitoka kwenye chumba chake kipya cha mabati, akayaandika upya kwenye ukuta wa nje yale maneno ya zamani, na mwisho SATISFACTION. Ukuta ule sasa umejaa kushinda ndani.

Darasa lilipofunguliwa tena hapa Espérance nilikuwa nimeapa siendi. Siku hiyo nilifunika ndoo zangu, nikaenda. Kalumba alikuwepo, hana kazi, amekaa benchi la nyuma. Mignonne, Glodie, Dimitri na watoto. Nilisimama mlangoni, na Kabemba akaacha kuandika.

"Mama Fermentation," akasema, "karibu."

"Sikuje kusamehe mutu."

"Ninajua, mama."

"Ile jina umupe mwengine. Niko nataka ile ingine."

Alielewa. Aliweka chaki chini. "Mama, ile hapana. Ile tuiache inje na zile zingine."

"Inje ni ya maneno yenye mutu hawezi kuonyesha," nikamwambia. "Si njo sheria yako? Ile mi ninaweza."

Dirisha la darasa lile halina kioo, ni tundu lililokatwa kwenye bati, na ukisimama mlangoni unaona kupitia hapo mpaka kwenye udongo mwekundu wa makaburi mapya, na kikombe. Nilinyoosha kidole.

"Exhumation," nikasema.

Mtoto mmoja mbele aliinua mikono yake kwa mazoea, akaona uso wangu, akaishusha. Kabemba alisogea, akaniachia nafasi kwenye benchi, nikakaa.